"Dagaa wako wamepimwa?" Jua maabara wanafanya nini kabla hujaandika neno hilo kwenye pakti

Unauza dagaa wa Kigoma mtandaoni. Oda zinaenda Dar, Dodoma, Morogoro mpaka Arusha. Siku moja mteja anaingia inbox anauliza: "Samahani, hawa dagaa wamepimwa?" Unamjibu nini?

Wengi tunajibu haraka haraka: "Ndiyo dada, ni wasafi kabisa, hawana mchanga." Lakini mteja hajauliza mchanga. Ameuliza vijidudu. Na mara nyingi anayeuliza hivyo ni mama anayesaga dagaa awe unga wa kuchanganya kwenye uji wa mtoto. Mtoto ana miezi minane. Unga wenyewe wengine wanaunyunyizia uji ukiwa tayari umeshaepuliwa, haupati moto wa kutosha. Hapo suala sio ladha tena, ni tumbo la mtoto mchanga.

Mimi nina duka dogo, nauza dagaa, migebuka mikavu na mawese. Maabara sijasomea, nimeishia sekondari. Ila hili jambo nimelifuatilia, nimesoma, nimeuliza wenye kazi yao, kwa sababu naona wenzangu tunaandika "imethibitishwa na maabara" kama vile tunaandika "free delivery". Kaa hapo nikueleze, ni ndefu kidogo ila itakuokolea hela na jina.

KWANZA: BAKTERIA HAWAPIMWI KWA KUANGALIWA, WANAOTESHWA

Bakteria ni wadogo mno. Kipande kimoja cha dagaa kinaweza kubeba maelfu na macho yako hayaoni kitu. Hata darubini haisaidii sana hapa, maana wengi wanafanana, na mbaya anaweza kuwa mmoja katikati ya maelfu ya wasio na shida.

Kwa hiyo maabara wanachofanya ni kuwaotesha. Kama umewahi kupima mkojo hospitali ukaambiwa "tunauotesha, njoo baada ya siku tatu", ni kitu hicho hicho. Wanachukua sampuli yako, wanaiweka kwenye chakula maalumu cha kukuzia bakteria, watu wa maabara wenyewe wanakiita "media", kisha wanaiacha kwenye kabati lenye joto kama la mwili, nyuzi 37 hivi. Bakteria mmoja anagawanyika wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na kesho yake pale alipokuwa mmoja pana kidoa kinachoonekana kwa macho. Kidoa hicho kinaitwa koloni. Sasa unaweza kuhesabu.

Hiyo media mara nyingi inagandishwa kwa kitu kinaitwa agari, kinachotoka kwenye mwani wa baharini. Hapa kuna hadithi ninayoipenda. Zamani kule Ujerumani daktari Robert Koch na wenzake walikuwa wanatumia gelatini, ile ya kutengenezea jeli. Shida yake gelatini inayeyuka kwenye joto la kawaida tu la siku za kiangazi. Hapa Kigoma saa nane mchana ingekuwa supu. Halafu kuna bakteria wanaila kabisa. Mwaka 1881 mama mmoja, Fanny Hesse, mke wa daktari aliyekuwa akifanya kazi na Koch, akamwambia mumewe ajaribu agari. Yeye alikuwa anaitumia jikoni kugandishia jamu, alifundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java kwenye joto. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka uifikishe karibu na kuchemka. Miaka kama sita baadaye, 1887, Julius Petri akaleta kile kisahani chenye mfuniko ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Maabara zote duniani zinatumia wazo la jikoni la yule mama, na familia yake haikupata faida ya pesa kwa hilo.

(Watu wa Zanzibar msiniulize, mwani wenu mwingi unatoa karagini, sio agari. Ni ndugu tu.)

KILA BAKTERIA ANA MTEGO WAKE

Hapa ndipo wauzaji wengi hatujui, na ndipo unapoweza kuliwa hela. Hakuna kipimo kimoja kinachoitwa "kipimo cha bakteria" kikamaliza yote. Ni kama nyavu: ya mgebuka haikamati dagaa. Kila media imetengenezwa kwa kuwekewa vitu vinavyowazuia bakteria usiowataka, na rangi inayomfichua unayemtaka.

Kwa salmonela wanatumia media nyekundu inaitwa XLD. Salmonela ikiota inatoa koloni jekundu lenye kitone cheusi katikati, kama jicho. Bakteria wengine wa tumboni wanaigeuza ile media kuwa njano. Salmonela inatokana na kinyesi cha wanyama na ndege, wakati mwingine cha binadamu. Sasa fikiria dagaa wanaoanikwa mchangani, kuku wanapita, mbuzi wanapita, kunguru ndio usiseme. Hujahitaji mtaalamu akwambie inaingiaje.

Kwa E. coli kuna media ya siku nyingi sana inaitwa MacConkey, ina chumvi za nyongo na sukari ya maziwa. E. coli anaota na rangi ya waridi. Akionekana huyu ujue kuna kinyesi mahali: maji ya kuoshea, mikono iliyotoka chooni, ndoo.

Kwa stafilokokasi, wanamwandika Staph. aureus, wanatumia Baird-Parker. Huyu anaota mweusi unaong'aa na duara jeupe angavu pembeni. Anakaa puani kwetu na kwenye vidonda vya mikono. Huyu ni wa kwetu wapakiaji, sio wa mvuvi! Unapakia dagaa usiku una kidonda kidoleni, unapiga chafya, unajipangusa pua, unaendelea. Ubaya wake, akiachwa azaliane anatoa sumu ambayo hata ukichemsha haitoki. Yeye anakufa, sumu inabaki.

Kipindupindu kina media yake ya kijani inaitwa TCBS, vimelea vyake vinaota njano. Watu wa mkoa huu hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kidogo kabisa pale ufukweni kaskazini, wengine wakabebwa na MV Liemba kuletwa mjini, maelfu waliugua. Tangu hapo mlipuko ukisikika popote, mteja wa mbali anaogopa mzigo wa Kigoma. Mjibu kwa utulivu: vimelea vya kipindupindu havivumilii ukavu wala moto wa kupikia. Hatari kubwa iko kwenye maji machafu na chakula kibichi au kilichoguswa baada ya kupikwa. Dagaa aliyekauka vizuri sio mlango wake mkuu. Lakini salmonela ni tofauti, na hili lishike: kwenye dagaa mkavu haizaliani, ila inaweza kukaa hai miezi, inasubiri maji. Siku dagaa akilowa, au unga ukiingia kwenye uji vuguvugu, imeamka.

Ukungu nao una media yake na unapewa siku tano hivi kwenye joto la nyuzi 25. Hiki kipimo kwa dagaa waliokaa stoo mimi naona ni cha lazima.

KWA NINI MAJIBU HAYATOKI SIKU HIYO HIYO

Chukua salmonela. Wanapima gramu 25 za dagaa wako, wanazitia kwenye mililita 225 za maji ya lishe, hakuna ukali wowote, ni ya kuwapa nguvu wale waliochoka na jua la kuanikwa. Hapo ni masaa 18. Kisha wanahamisha kidogo kwenye maji mengine makali yanayozuia wengine na kuiacha salmonela iongezeke, nyuzi 41.5, siku nzima. Kisha ndio wanapaka kwenye kisahani cha XLD, siku nyingine. Wakiona jicho jeusi bado hawaamini, wanalithibitisha kwa vipimo vingine, siku moja au mbili tena. Jumla siku nne mpaka sita.

Kwa hiyo mtu akikwambia "lete sampuli asubuhi, jioni njoo chukua cheti cha salmonela, bakteria wote", muulize anaotesha saa ngapi. Zipo mashine za kisasa zinazosoma vinasaba kwa masaa machache, lakini hata hizo kwa chakula kwa kawaida zinaanza na kuotesha kwanza. Bakteria hawana haraka na oda zako.

KUSOMA KARATASI YA MAJIBU

Karatasi huwa ya Kiingereza na hapa watu wengi tunaishia kuangalia muhuri tu. Angalia haya.

Salmonela haihesabiwi. Inaandikwa haipo au ipo ndani ya gramu 25. Ikiwepo, hata moja, mzigo umefeli, hakuna "kidogo inaruhusiwa".

Wengine wanahesabiwa kwa gramu, utaona herufi cfu/g, maana yake makoloni kwa kila gramu. Wanapataje namba? Wanachukua gramu 10 za dagaa kwenye mililita 90 za maji, wanaendelea kuzimua mara kumi kumi. Tuseme wamezimua mara elfu, wakaweka mililita moja kwenye kisahani, wakahesabu vidoa 47. Hapo dagaa wako wana 47,000 kwa gramu. Namba kubwa ya jumla isikutishe yenyewe peke yake, chakula kisichopikwa kina bakteria wengi wasio na madhara. Linganisha na kiwango kilichoandikwa safu ya pembeni, na uangalie hasa mstari wa E. coli na Staph.

Halafu ukiona "<10" usipige kelele kwamba umekutwa nao. Maana yake kwenye kisahani hakikuota kitu. Maabara hawawezi kuandika sifuri kwa sababu kidoa kimoja tu kingekuwa sawa na 10, kwa hiyo wanasema "chini ya 10". Ni jibu zuri kabisa hilo.

Sasa hesabu moja ambayo ilinifanya nikae chini. Gunia la kilo 20 lina vipande 800 vya gramu 25. Maabara ikipima kimoja, imepima kimoja kati ya 800. Ndio maana wanataka sampuli kadhaa kutoka sehemu tofauti za mzigo, mara nyingi tano, sio ile konzi uliyochagua juu kwa sababu dagaa wake wanang'aa. Ukichagua wazuri unajidanganya kwa hela yako mwenyewe.

NA KARATASI INASEMEA MZIGO MMOJA TU

Hapa ndipo uongo mwingi uko. Nimeona pakti zina picha ya cheti cha maabara, ukivuta picha uone tarehe, ni ya miaka miwili nyuma, mzigo wa mtu mwingine kabisa. Cheti cha kuazima! Karatasi ya maabara inasema: sampuli hii, iliyoletwa tarehe hii, ilikuwa hivi. Haisemi kitu kuhusu dagaa uliowafuata Kibirizi jana. Na haisemi kitu kuhusu mzigo ule ule baada ya miezi mitatu stoo. Serikali ilipofunga ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, dagaa waliouzwa mwisho mwisho walikuwa ni wale wa kabla ya kufungwa. Aliyepima Mei akauza Agosti kwenye stoo inayovuja, karatasi yake ilikuwa ya dagaa wengine kabisa kwa maana ya ukungu.

Pia kuotesha hakuoneshi kemikali wala viuatilifu. Wala ile sumu ya stafilokokasi niliyosema. Karatasi ya bakteria ni ya bakteria.

MWANZA WALIONJA HILI

Kama unadhani haya ni mambo ya maabara tu hayagusi biashara, waulize watu wa sangara. Mwaka 1997 Hispania na Italia walizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu vipimo vyao vilikuta salmonela. Kabla vumbi halijatulia, kuanzia mwisho wa mwaka huo Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, mpaka katikati ya 1998. Mwaka 1999 wakazuia tena, safari hii watu walikuwa wanavua kwa sumu. Viwanda vilisimama, wavuvi ambao hawajawahi kuona kisahani cha maabara maisha yao yote wakakosa wa kumuuzia. Kipindupindu chenyewe Shirika la Afya Duniani lilisema hakikuwa sababu ya kuzuia samaki, lakini mnunuzi akishaogopa hasikilizi. Leo serikali ina maabara yake ya ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza, na uvuvi wa kuuza nje hauendi bila vipimo.

Sisi wa dagaa wa pakti hatuuzi Ulaya. Lakini group moja la WhatsApp la akina mama Dar likisema "dagaa wa fulani wameharisha watoto", hiyo ndio Ulaya yako, na hakuna wa kukutetea.

GHARAMA SASA

Bei ya vipimo inatofautiana na inahesabiwa kwa kipimo kimoja kimoja, kwa hiyo usiende ukasema "nipimieni". Nenda na orodha: salmonela, E. coli, Staph. aureus, ukungu. Uliza bei ya kila kimoja kabla hujaacha sampuli.

Tuseme, mfano tu, jumla imekuja 120,000. Kwa mzigo wa kilo 20 hiyo ni 6,000 kila kilo, biashara imekufa. Kwa mzigo wa kilo 400 ni 300 kila kilo, hata mteja hahisi. Ndio maana mimi nasema tuungane: watu wanne au watano mnanunua pamoja kwa wavuvi wale wale siku ile ile, mnaanika kwenye chanja moja, mnapima mara moja, kila mtu anapakia kwa lebo yake na namba moja ya mzigo. Ila iwe kweli mzigo mmoja. Sio kila mtu amwage wa kwake na wa mwezi jana humo humo.

Usalama wa chakula tangu 2019 uko chini ya TBS, zamani ilikuwa TFDA. (Ukiona nembo ya TFDA kwenye pakti mpya ya chakula ujue mtu kakopi lebo ya zamani.) Kwa wadogo kama sisi kuna njia ya kupitia SIDO kwenda TBS ambayo inapunguza mzigo wa gharama mwanzoni. Nenda ofisini uulize masharti ya sasa, usitegemee ya kuambiwa na mtu mtandaoni, hata mimi.

Sampuli ya dagaa wakavu haihitaji barafu, inaweza kusafiri kwa basi kwenye mfuko safi uliofungwa, ikiwezekana mfuko waliokupa maabara wenyewe. Usishike kwa mkono. Andika namba ya mzigo na tarehe. Usiwakaange wala kuwaosha kabla. Samaki mbichi ni barafu na haraka, hakuna mjadala.

Na tafadhali, hizi video za "tengeneza agari nyumbani kwa gelatini na supu uone bakteria kwenye bidhaa yako" achana nazo. Kisahani hakipunguzi bakteria, kinawazidisha mara mamilioni. Maabara wakimaliza wanaua kila kitu kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika kumi na tano au zaidi. Wewe utakitupa wapi? Kwenye jaa wanapocheza watoto? Tena jikoni unapopakia?

Hela kidogo uliyonayo, kama haitoshi maabara mwezi huu, nunua dagaa wa chanja. Waliokauka juu ya waya wanapata hewa chini na juu, wanakauka haraka, kuku hawawafikii. Bei iko juu kidogo lakini ndio unaanza na mzigo wenye nafasi ya kufaulu. Glavu, barakoa, meza inayofutika, mtu mwenye kidonda asipakie.

Kuhusu maneno ya kwenye tangazo: futa "100% hana bakteria". Hakuna chakula cha hivyo na hakuna karatasi inayosema hivyo. Mimi nikiwa nimepima naandika hivi, ukitaka chukua:

"Dagaa wa Ziwa Tanganyika, wameanikwa kwenye chanja. Mzigo namba 07. Umepimwa salmonela, E. coli, Staph na ukungu, majibu yapo, omba nikutumie. Hifadhi pakavu. Kwa uji wa mtoto, wapike kwanza mpaka waive au chemsha unga pamoja na uji."

Na nikiwa sijapima naandika yote hayo, naacha sentensi ya kupimwa. Mteja akiuliza namwambia mzigo huu haujapimwa, ameanikwa hivi, amepakiwa hivi, mpike vizuri. Wapo wanaoondoka. Wengi wanaagiza, na wanaoagiza hivyo wanarudi.